Ruzuku za mazingira ziwafikie wanaovuta ule moshi

Kwako Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi niseme jambo kuhusu hizi ruzuku za haki ya mazingira, zile za kusaidia jamii zilizowekewa kiwanda mlangoni ama jalala nyuma ya nyumba ama bandari pale pale walipokuwa wakivua, manake kila mwaka twasikia pesa zimetolewa, mamilioni ya dola, picha zapigwa, mabango yatundikwa, alafu ukienda mtaani kwenyewe ukauliza nani amepata hata nauli ya kwenda kusikiza kesi yake humpati. Mimi ni mkazi wa Jomvu, niko kwenye kikundi cha mtaani cha akina mama na vijana, si mtaalamu wa mambo ya wafadhili, lakini nimekaa kwenye haya mambo muda wa kutosha na naona tusizungukane: pesa hizi nyingi zaishia njiani, na zile chache zinazofika zalipia vitu ambavyo havimsaidii mtu anayeumia.

Naanza na Owino Uhuru kwa sababu ni hapa hapa Mikindani na karibu kila mtu Mombasa ashaisikia. Mwaka wa 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi pale, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Kazi yenyewe ni kutoa madini ya risasi kwenye betri yauzwe, na moshi ulikuwa ukitanda juu ya mabati, maji machafu yakipita kwenye vichochoro watoto wanakochezea. Watoto wakaanza kuumwa, wanawake wakaharibikiwa na mimba, watu wakapelekwa hospitali wakitibiwa malaria na taifodi kumbe shida ni nyingine kabisa. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa hicho kiwanda, mtoto wake mchanga akaugua na vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu, akaacha kazi akaanza kupiga kelele. Alikamatwa, alitishwa, hakunyamaza. Kiwanda kikafungwa 2014, yeye akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman 2015, na 2016 wakazi pamoja na shirika lake wakaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa.

Julai 2020 mahakama ikaamua wakazi, watu kama 3,000 hivi, walipwe shilingi bilioni 1.3 na zitengwe milioni 700 zingine za kusafisha udongo kama wahusika hawatausafisha wenyewe. Na waliobebeshwa lawama si mwenye kiwanda peke yake, NEMA, ile mamlaka ya taifa ya mazingira, na serikali pia walimo, kwa sababu kazi yao ilikuwa kumlinda mwananchi na hawakufanya. 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua ile hesabu ya fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kiwanda 2007, uamuzi wa mwisho 2024. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule kiwanda kinafunguliwa leo ni mtu mzima mwenye kitambulisho. Na tena kutoka hukumu mpaka pesa iingie mkononi mwa mama pale Owino Uhuru kuna safari nyingine nayo, tusijidanganye.

Sasa nauliza, kesi kama ile hushinda ama hushindwa kwa sababu ya nini? Kwa ushahidi. Madini ya risasi hayaonekani kwa macho, hayana harufu ukasema nimeyanusa, yaingia kwenye damu na mifupa ya mtoto yakaharibu ubongo polepole, mtoto akawa mzito darasani mwalimu akadhani ni mvivu. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ambacho unaweza kusema hiki ni salama. Kwa hivyo huwezi kwenda mbele ya jaji ukasema watoto wetu ni wagonjwa, lazima uje na karatasi za maabara, damu ya huyu na ya yule, udongo wa hapa na wa pale, uwe na daktari wa kuzieleza, uwe na wakili anayejua sheria ya mazingira, na uwe na mashahidi ambao kesi ikiahirishwa leo mwezi ujao watarudi, na mwezi ule mwingine watarudi. Kila kitu hapo ni pesa. Si pesa nyingi sana ukilinganisha na zile zinazotangazwa kwenye mikutano mikubwa, lakini kwa mtu anayefua nguo za watu ama anayesukuma mkokoteni ni mlima.

Hapo ndo ruzuku ilipaswa kuingia. Lakini sivyo inavyokuwa, na hapa nitaeleza yaliyotupata sisi wenyewe bila kutaja jina la mtu.

Mtaani kwetu kuna kisima ambacho watu wamekitumia miaka na miaka, maji ya mfereji yakikatika ndiyo tegemeo. Baada ya kampuni fulani kuanza shughuli zake upande wa juu yale maji yakabadilika. Ukiyaweka kwenye sufuria yakilala, asubuhi juu yana utando kama wa mafuta na chini kuna vumbi la rangi ya kutu, nguo nyeupe ukifulia zinakuwa manjano, na akina mama wakaanza kusema watoto wanajikuna ngozi. Sisi hatukutaka kumsingizia mtu. Tulichotaka ni kupima tu, tujue ndani mna nini. Na kupima maji si kuchota chupa ya soda ukapeleka. Ya kutafuta vijidudu yataka chupa safi iliyochemshwa kitaalamu, ikae kwenye barafu, na ifike maabara siku hiyo hiyo la sivyo majibu hayana maana, ya kutafuta madini yataka chupa nyingine ambayo imetiwa asidi kidogo ili madini yasigande kwenye plastiki, na lazima aliyechota aandike saa, mahali, jina lake na sahihi, manake kesho mahakamani wakili wa upande wa pili swali la kwanza atauliza ni hiyo chupa imepitia mikononi mwa nani. Kila madini yana bei yake, ukitaka risasi unalipa, ukitaka zebaki unalipa, na tena inabidi urudie msimu wa mvua na wa kiangazi, kipimo kimoja hakitoshi.

Tukaomba ruzuku kwa shirika moja ambalo lenyewe lilikuwa limepewa pesa na wafadhili wa nje ili ligawie vikundi vidogo. Fomu ilikuwa ya Kiingereza tupu, yataka bajeti kwa dola kwenye Excel, yataka hesabu zilizokaguliwa za miaka iliyopita, na kikundi chetu hesabu zake ziko kwenye daftari la mweka hazina ambaye anauza samosa, na ni daftari safi kabisa, kila shilingi imeandikwa, lakini mkaguzi wa kuligongea muhuri anataka pesa zaidi ya zote zilizomo humo. Kijana mmoja wa chuo akatusaidia kujaza, tukashukuru Mungu tukachaguliwa. Furaha ikawa fupi. Bajeti iliporudi, mstari wa vipimo vya maji umekatwa, mstari wa wakili umekatwa, nauli za wazee zimekatwa. Kilichobaki ni kile walichokiita uhamasishaji, yaani fulana zenye nembo, bango, na warsha hotelini. Tukauliza kwa nini, tukaambiwa mambo ya vipimo na mahakama ni ya kisiasa, mfadhili hayataki, na tena maabara si kazi ya jamii ni kazi ya wataalamu. Alafu pesa zenyewe zalipwa kwa kurudishiwa, utumie kwanza uwalete risiti ndo wakurudishie. Atumie nani kwanza? Mama wa samosa?

Warsha ikafanywa. Chakula kilikuwa kizuri, wageni walikuja na gari, mtu akatufundisha kuhusu umuhimu wa kutunza mazingira. Sisi ambao hatuna kiwanda. Bibi mmoja, mzee wetu wa heshima, aliinua mkono akasema mwanangu nashukuru kwa mafunzo lakini mimi nataka kujua niendelee kuyanywa haya maji ama niache. Hakuna aliyemjibu. Mpaka leo fulana zipo, watu wanavaa wakienda shambani, na lile swali la bibi liko pale pale.

Mhariri, sisemi haya kwa chuki. Wale vijana wa lile shirika walikuwa watu wazuri, waliheshimu wazee, na wao pia walikuwa na bosi wao ambaye ana bosi wake Ulaya. Ubaya uko kwenye mpangilio wenyewe. Pesa inatoka kwa mfadhili mkubwa, inakatwa ya ofisi, inashuka kwa shirika la kimataifa lililo Nairobi, inakatwa ya ofisi na magari na washauri, inashuka kwa shirika la kitaifa, inakatwa tena, mpaka ifike kwa kikundi cha mtaani imekuwa ya kununulia fulana.

Na hili si la Mombasa peke yake wala si la kubuni. IIED, taasisi ya Uingereza ya utafiti wa mazingira na maendeleo, ilichambua mifuko mikubwa ya dunia ya tabianchi kutoka 2003 hadi 2016, ikakuta pesa zilizolengwa kwa shughuli za ngazi ya chini, kule mashinani, hazifiki hata asilimia 10. Kwenye mkutano wa Glasgow 2021 serikali na wakfu kadhaa wakaahidi dola bilioni 1.7 kwa watu wa asili na jamii zinazolinda misitu, ahadi ikashangiliwa sana, kisha ripoti yao wenyewe ya mwaka wa kwanza ikaonyesha zilizoenda moja kwa moja kwa mashirika ya hao watu ni asilimia 7 tu. Hiyo ni ripoti ya watoaji wenyewe, si ya wapinzani wao. Asilimia 7! Kama wao wenyewe wamekubali hivyo basi sisi huku tukilalamika tusionekane wachochezi.

Kuna watu watasema mtaani hakuna wa kufanya kazi ngumu za kisheria, waachieni wakubwa. Nawaambia waangalie Lamu. Ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa Kwasasi, megawati 1,050, pesa za kujengea kama dola bilioni 2, na serikali nzima ilikuwa nyuma yake. Walioupinga ni wavuvi, walimu, akina mama, masheikh, watu wa Save Lamu, ule muungano wa wakazi, wakizunguka kwa mashua kutoka kisiwa hadi kisiwa wakiwaeleza watu kilichoandikwa kwenye ile ripoti ya athari za mazingira, ambayo ni lundo la makaratasi ya Kiingereza cha kitaalamu. Juni 2019 Baraza la Rufaa za Mazingira likafuta leseni, na sababu kubwa ikawa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, yaani kile kile walichokuwa wakisema wazee wa Lamu tangu mwanzo. Kabla ya hapo, 2018, Mahakama Kuu ilikuwa imeamua wavuvi kama 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari ya LAPSSET. Hao ni watu wa mashinani. Kilichowasaidia hasa ni vitu vidogo vidogo ambavyo ukiviandika kwenye proposali ya mfadhili havipendezi: mafuta ya boti, mtu wa kutafsiri, chai ya mkutano, kopi za makaratasi, chumba cha mtu kulala akija mjini kwa kesi. Ukikata hizo hakuna kesi.

Alafu kuna jambo lingine ambalo sioni likisemwa sana. Siku hizi kila mfadhili anataka neno tabianchi. Sawa, tabianchi ni shida kubwa, ukame tumeuona Tana River na Kilifi, mafuriko tumeyaona. Serikali ina ule mpango wa FLLoCA, wa kufadhili miradi ya tabianchi inayoongozwa na wananchi mashinani, Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka wa 2021 na nchi kama Ujerumani, Denmark na Sweden zikaongeza zao, na kusema kweli muundo wake naupenda kuliko mingi niliyoiona kwa sababu kuna kamati za wadi, wananchi wenyewe wanakaa wanachagua mradi, na mtindo huo ulianza kujaribiwa Isiolo kabla ya kwenda Makueni, Wajir, Garissa na Kitui. Kule ukame ulikuwa ndio shida na watu wakachagua visima na mabwawa na malisho, ikawafaa. Lakini huku kwetu mtu mwenye risasi kwenye damu, ama mwenye maji ya kutu, ama anayekaa chini ya moshi wa jalala, akija kwenye kamati ya wadi na shida yake ataambiwa hii si tabianchi, hii ni uchafuzi, nenda NEMA. Aende NEMA, ambayo kwa Owino Uhuru mahakama imesema ilizembea. Sasa huyu mtu amebaki wapi?

Na cha kuuma zaidi ni kwamba kwenye sheria mlango upo. Sheria ya mazingira ya 1999, ile EMCA, imeweka mifuko miwili. Kuna Mfuko wa Amana wa Mazingira, ambao ndani yake ruzuku zimetajwa wazi. Na kuna Mfuko wa Kurejesha Mazingira, uliokusudiwa kurekebisha uharibifu pale ambapo aliyeharibu hajulikani ama hali imekuwa ya dharura NEMA ikalazimika kuingilia. Miaka zaidi ya ishirini na mitano imepita, na nawaomba wasomaji wa Changamwe, wa Kibarani, wa Mwakirunge, wa Dandora Nairobi, waulizane kama kuna yeyote mtaani kwake aliyewahi kuona udongo ukisafishwa kwa pesa za mfuko huo. Katiba ya 2010 nayo kifungu cha 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinasema ukienda mahakamani kuitetea hiyo haki huhitaji hata kuthibitisha kwamba umepata hasara ama umeumia. Haki nzuri kabisa hiyo. Lakini haki bila nauli ya kuifuata inamsaidia nani?

Najua swali ambalo litakuja, kwamba ukiwapa watu wa mtaani pesa moja kwa moja zitaliwa. Nalikubali, wizi upo, kuna vikundi vya mfukoni ambavyo ni mtu na mkewe na muhuri, na vimechafulia wengine jina. Lakini wizi haukuzaliwa mtaani. Tumeona pesa ngapi za umma zikipotea mikononi mwa watu wenye digrii na hesabu zilizokaguliwa? Na ukitaka mfano wa jamii inayoshika pesa zake vizuri nenda Gazi, Kwale. Mradi wa kijamii wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni ya mikoko, yaani kulipwa kwa kutunza mikoko inayofyonza hewa ya ukaa, tangu 2013, hekta 117, na pesa zikija wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanakaa wanaamua, maji yapelekwe wapi, shule inunuliwe nini. 2017 wakapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Vanga wameona wakaiga. Wale si malaika, ni watu kama sisi, tofauti ni kwamba kila mtu pale anajua kiasi gani kimeingia na kimefanya nini, kwa hivyo ukitaka kuiba unaiba mbele ya mama yako na mjomba wako na imamu wako.

Uwazi wa namna hiyo ndio ukaguzi wa mtaani, na kwa maoni yangu una nguvu kuliko ule wa kulipia. Bandika kiasi cha ruzuku kwenye ukuta wa ofisi ya chifu, msikitini, kanisani, kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa, soma risiti kwenye baraza kila baada ya miezi mitatu, watu wakuu watatu wa kutia sahihi na angalau mmoja awe mwanamke. Kikundi chenyewe kiwe kimesajiliwa chini ya ile Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, inatosha. Usimtake muuza samosa awe na idara ya fedha.

Hata ule mpango wa ruzuku ndogo ndogo wa GEF, mfuko wa dunia wa mazingira, unaoendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ambao uko duniani tangu 1992 na umefika Kenya na Tanzania tangu miaka ya tisini, umeonyesha kwamba pesa za kiasi, kama dola 50,000 hivi, zaweza kwenda kwa kikundi cha kijiji na kazi ikafanyika. Na tena kwa vikundi vingi hata 50,000 ni nyingi mno. Kwa kisima chetu sehemu ndogo tu ya hizo ingetosha kupima mwaka mzima na kumlipa wakili wa kutuandikia barua.

Niseme na hili la Marekani, manake wengi wetu tuna ndugu huko na limetugusa. Kwa sheria ya 2022 Marekani ilitenga dola bilioni 3 za ruzuku kwa jamii zinazoumia na uchafuzi ndani ya nchi yao wenyewe, mitaa ya watu weusi na maskini waliokaa kando ya viwanda, na baadhi ya pesa hizo zilikuwa zigawiwe kwa vikundi vidogo kupitia mashirika machache ya kati. Serikali ikabadilika, 2025 ruzuku nyingi zikafutwa, nyingine watu washatia sahihi mikataba na washaajiri. Mwaka huo huo, Januari, misaada yao ya nje nayo ikasimamishwa na tuliona hapa pwani vijana wa mashirika wakirudi nyumbani na vyombo vyao kwenye boksi. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Simlaumu Mmarekani, pesa ni yake. Lakini kama nchi tajiri kama ile yaweza kuwaachia watu wake mkono katikati ya kazi, sisi tuna sababu gani ya kutokuwa na mfuko wetu wenyewe, unaojazwa na wachafuzi wetu wenyewe, faini zao na dhamana zao na ada zao za leseni? Kiwanda kikiomba leseni kilipe, na sehemu ya hiyo pesa iwekwe kando ya kuwapima majirani wake kabla hakijaanza na kila mwaka baada ya hapo. Ingefanywa hivyo 2007 Owino Uhuru wangejua mapema, si baada ya watoto kuharibika.

Kupima kabla, hilo nataka nilirudie kidogo kwa sababu wengi hawalijui umuhimu wake. Ukiwa huna kipimo cha maji kabla kampuni haijaja, siku ukienda kulalamika watakuambia haya maji yalikuwa hivi hivi tangu zamani, utathibitisha vipi? Sisi ndo tuko hapo sasa. Hatuna karatasi ya jana, tuna maneno ya wazee tu, na maneno ya wazee mahakamani yataka karatasi ya kuyashika mkono. Yeyote anayesoma hapa na mtaani kwake kumepangwa mradi mkubwa, achangishe watu sasa, mapema, apime maji na udongo kabla greda halijaingia.

Kwa hivyo naomba yafuatayo, na nayaomba kwa wenye mamlaka kwa heshima zote. Kaunti ya Mombasa inapotenga pesa za tabianchi ifungue dirisha dogo la uchafuzi, kamati za wadi ziruhusiwe kupokea ombi la kupima maji, hewa, udongo na damu, fomu iwe ya Kiswahili ukurasa mmoja ama miwili, jibu litoke ndani ya wiki si miezi, na pesa ilipwe kabla ya kazi. Gharama za kesi na nauli za mashahidi zisiwe mwiko. Wizara ya Mazingira na NEMA waeleze umma kupitia gazeti hili hali ya Mfuko wa Kurejesha Mazingira, una kiasi gani na umesafisha wapi. Na mashirika makubwa yanayochukua pesa kwa jina letu yatangaze kila mwaka kwa kila shilingi mia iliyoingia ni ngapi zilizoteremka mpaka kwa kikundi, waziandike hapo hapo kwenye bango lenye nembo.

Wafadhili nao, nawaambia kama mtu anayeshukuru na si kama mtu anayedai, mkituletea pesa tuulizeni kwanza tunataka nini. Mtashangaa jinsi orodha yetu ilivyo fupi. Kwetu ni kisima kimoja, vipimo vya msimu wa mvua na wa kiangazi, na wakili wa kuyasoma majibu pamoja nasi. Mvua za masika zikija tutachota maji ya kupima, kwa mchango wetu wenyewe tunaokusanya kwa M-Pesa kidogo kidogo, na kama kuna maabara yoyote Mombasa ama chuo chochote chenye wanafunzi wa kemia wanaoweza kutupunguzia bei, tuko tayari kuzungumza.

Wenu,
Mkazi wa Jomvu, Mombasa